Medusa wa Twende Kilioni

Ukitaka kumjua Anti Kitana, usimuulize umri wala alikozaliwa. Muulize ni nani aliyemharibia Medusa nywele. Ila kama una haraka usithubutu, maana imekula kwako: atavuta kiti, atakukalisha, atakushika kichwa kwa mikono miwili kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni, na hutoki humo mpaka uyajue yote.

"Nyoka!" Huwa anaanza hivyo, na hasira zake ni mpya kila siku, utadhani habari zimemfikia asubuhi hii. "Msichana wa watu ana nywele zake nzuri, zimejaa, zimemfika kiunoni, hajawahi hata kutia dawa. Halafu mtu mzima, tena mungu, tena mwanamke mwenzake, anamgeuzia nyoka kichwani. Unazichana vipi hizo? Unaziosha na nini? Na wakiamka kila mmoja anaelekea kwake, utafunga kitambaa gani? Mimi ni fundi, nawaambia, kazi ile haikuwa adhabu. Ilikuwa roho mbaya!"

Saluni yake ni chumba kimoja chenye viti vitatu, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, beseni la kuoshea la kulazia shingo, na draya moja kubwa ya kofia inayonguruma hadi majirani wanajua ana mteja. Draya ile ilinunuliwa ikiwa na mguu mmoja mfupi, na aliyeiuza alitupia na kitabu kikuukuu cha kuuegemeza. Kitabu chenyewe hakikuwa na jalada. Siku moja mvua ilinyesha kutwa, wateja hakuna, Anti Kitana akakivuta kitabu, akaweka kipande cha tofali mahali pake, akaanza kusoma. Humo ndimo alimokutana na Zeu, Hera, Herme, Athena na ukoo wao wote wa mlimani, miungu ya Wagiriki wa kale. Mpaka mvua inakatika, alikuwa amekosana nao wote.

Maana alikuta mambo! Alimkuta Zeu, mzee mzima na ndevu zake, anajigeuza fahali, kesho bata maji, ili mradi tu aingie kwenye nyumba za watu. Akiulizwa na mkewe anasema alikuwa anafanya mazoezi. "Mazoezi ya nini? Ya kula majani?" Alimkuta Hera ambaye badala ya kumbana mumewe anawaandama wasichana. Alimkuta Herakle aliyesafisha zizi la ng'ombe mara moja tu, mara moja, akaimbwa dunia nzima, kana kwamba hakuna mwanamke aliyewahi kuosha kitu. Herme alikuwa mpeleka vifurushi, na kila kifurushi alikifikisha kimefunguliwa. Athena alikuwa na bundi. "Bundi wa umbea huyo," Anti Kitana huwaambia wateja. "Mnadhani halali usiku kwa sababu ya hekima? Anaogopa kupitwa."

Wasichana wa sekondari walikuwa wanajaa pale kila Jumamosi, si kwa kusuka tu. Walikuwa wanacheka mpaka anawagonga bega kwa kitana: tulia wewe, nitakuchana njia ya kombo uende shule na barabara ya mlimani kichwani. Ndipo jina la Kitana lilipotokea.

Na hadithi zake zilikuwa na sheria. Zilikatwa kwa mtindo. Rasta nyembamba huchukua masaa sita, basi hadithi nayo ilikuwa ya masaa sita, na mwisho wake ulikuja pale anapochovya ncha kwenye maji ya moto, si kabla. Rasta nene ni masaa matatu, unapata nusu yake. Ukisuka twende kilioni, ile mistari minane iliyonyooka kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, hiyo ni saa moja na ushei, na unaondoka pale ilipofika. Shauri yako. Wasichana walikuwa wanapanga kabisa: likizo hii nasuka nyembamba, nataka kujua Herakle aliishia wapi. Na aliyeusikia mwisho alikatazwa kumsimulia mwenzake. "Mwisho haubebwi mdomoni," alikuwa anasema. "Unasukwa."

Kwenye beseni alikuwepo mdogo wake wa kike. Miaka ishirini na sita, mikono laini, maneno machache. Wateja walimpenda kwa sababu alijua kupima maji kwa kifundo cha mkono na hakumwingiza mtu povu machoni hata siku moja. Hawakujua zaidi ya hapo. Hawakujua kwamba miaka tisa nyuma alikuwa kidato cha tatu, wa kwanza darasani, anazungumza kama redio, mpaka siku mwalimu wa michezo alipojifungia naye kwenye stoo ya mipira. Alisema. Ndiyo, alisema, siku ile ile, akaenda kwa mkuu wa shule, mama mtu mzima mwenye miwani ya mnyororo. Na yule mama akachukua kalamu akamwandikia barua ya kumfukuza kwa kosa la kuichafua shule. Mwalimu wa michezo alihamishwa, akapandishwa cheo.

Sasa umeelewa. Siku ile ya mvua Anti Kitana alipofika kwenye ukurasa ambao Poseidoni, mungu wa bahari, anamvamia Medusa ndani ya hekalu la Athena, na Athena mwenye nyumba anamwacha mwanamume aende zake na kumwadhibu msichana, alikirusha kitabu ukutani. Kisha akakiokota, akasoma tena palepale, akasema kwa sauti ingawa hapakuwa na mtu, "Kumbe ni mambo ya zamani."

Kuanzia siku hiyo Medusa alikuwa wake. Kitabuni kijana mmoja, Perseo, anakuja na upanga kumkata kichwa akiwa usingizini, na eti huyo ndiye shujaa. Kwa Anti Kitana, Perseo aliinua upanga, nyoka mmoja mdogo wa pembeni, yule ambaye hakuwa akilala vizuri, akamwamsha Medusa, na Perseo akawa jiwe mdomo wazi. Wakafuata wengine. Poseidoni jiwe. Athena jiwe, bundi wake jiwe, kwa mara ya kwanza amenyamaza. Zeu akawa jiwe mkono mmoja ukiwa hewani, bado anatoa visingizio. Mwisho huo alikuwa anausimulia huku akichovya ncha, na mvuke unapanda, na saluni nzima inapiga makofi. Alikuwa anamtazama mdogo wake kwa jicho la pembeni. Hakuwahi kumwambia kwamba hadithi ile ni yake. Aliamini anajua, na aliamini ni dawa.

Basi, Jumatano moja mchana, msichana mmoja wa kidato cha pili, wanayemwita Miwani kwa sababu ya miwani yake mikubwa kuliko uso, aliingia na mkoba wa shule akakaa kitini. Alikuwa na kitabu kipya mkononi, jalada la rangi ya chungwa, nyoka wanacheka.

"Anti, mbona kitabu hiki kinaongea kama wewe?"

"Kinaongeaje?"

Miwani akasoma. Zeu anamwambia mkewe alikuwa fahali kwa ajili ya mazoezi. Herme anafikisha vifurushi vimefunguliwa. Bundi wa umbea. Mkono wa Anti Kitana ukasimama katikati ya msuko. Akauliza kimeandikwa na nani, na Miwani akamwonyesha picha nyuma ya kitabu: Madam.

Madam alikuwa mwalimu wa fasihi wa shule ya wasichana ya palepale mjini, mteja wa miaka minne. Kila mwezi twende kilioni, chini ya wigi, na kila mwezi haraka, kikao kinamngoja. Kila mwezi alikuwa anasema, "Anti, nianzishie ile ya Medusa, inanipunguzia mawazo." Na Anti Kitana, mjinga wa watu, anamwanzishia!

"Shule zote za mji zimekiagiza," Miwani alisema. "Jumamosi kinazinduliwa kwetu, wazazi wote wanakuja. Subiri nikusomee mwisho, Anti, maana mimi sijawahi kusuka nyembamba."

Angemzuia. Mpaka leo anajilaumu kwamba hakumzuia. Miwani akasoma kwa sauti yake ya darasani, nzuri, inayofika kila kona. Perseo akainua upanga, akakata. Kichwa kikaviringika, kikatiwa kwenye gunia. Na chini yake, kwa herufi za mlazo: funzo tunalolipata ni kwamba msichana ajitunze, aepuke kuwa peke yake mahali pasipo na watu, ili asijiletee mabaya.

Kwenye beseni maji yalikuwa yanatiririka bila kichwa chini yake. Mdogo wake alifunga bomba, akafuta mikono kwenye aproni, akatoka kwa mlango wa nyuma. Hakuonekana tena saluni siku ile.

Nyie! Hasira za Anti Kitana mnazisikia tu. Alimmalizia Miwani msuko wake, akamwomba amwachie kitabu, akafunga saluni saa tisa mchana, akatembea nyumbani akiongea peke yake barabarani, watu wanampisha. Siku tatu hakula vizuri. Alikuwa anaosha vyombo anavigonga. "Mwizi! Nilimshika kichwa kile, kwa vidole hivi, kumbe nimeshika kinasa sauti! Na aibe basi, lakini aibe chote! Anaiba vichekesho, halafu ananiulia mtu!" Mdogo wake alimsikiliza, akala, akaenda kulala. Hakusema kitu, na dada yake aliuchukua ule ukimya akaongezea kwenye hasira zake.

Jumamosi asubuhi, saa moja na nusu, nani anafungua mlango? Madam mwenyewe, anang'aa, ana nakala ya kitabu mkononi imetiwa saini.

"Anti Kitana, leo ndiyo leo! Shughuli ni saa nane. Nipendezeshe. Kama kawaida, twende kilioni, nina wigi jipya."

"Karibu, Madam. Kaa."

Sauti ilikuwa tamu kabisa. Angekuwa anamjua vizuri angekimbia. Anti Kitana alimvua wigi, akafumua mistari ya mwezi uliopita, akampeleka kwenye beseni. Mdogo wake akapima maji kwa kifundo cha mkono, akamwosha Madam taratibu, kama anavyowaosha wote, akamfunga taulo. Anti Kitana alikuwa anatazama huku damu inamchemka. Mimi ningemtia povu machoni, alikuwa anawaza, lita nzima. Draya ikanguruma dakika ishirini. Saa mbili na robo Madam alikuwa kwenye kiti mbele ya kioo.

Njia ya kwanza ikachanwa, nyembamba. Ya pili, nyembamba. Dakika arobaini zikapita, na Madam alikuwa amefumba macho anakariri hotuba. Alipofumbua, alikuta juu ya sikio la kushoto rasta ishirini hivi nyembamba kama uzi wa viatu, na nywele zote zilizobaki zimesimama wima.

"Anti, mbona unanisuka nyembamba?"

"Leo unasuka nyembamba."

"Sina masaa sita mimi!"

"Unayo. Saa nane na robo utakuwa umemaliza. Wageni wa heshima huwa wanachelewa."

"Fumua! Au niache niende."

Anti Kitana akarudi nyuma hatua mbili, akakunja mikono. "Nenda, Madam. Mlango ule pale. Nani kakushika?"

Madam akajitazama kwenye kioo. Wigi lisingekaa, upande mmoja ungeinuka kama kofia ya mlevi. Akatazama saa. Akakaa. Hapo ndipo alipoiona nakala nyingine ya kitabu chake mezani, kati ya chupa za mafuta, imekunjwa ukurasa wa mwisho, na akaelewa.

"Hadithi za Wagiriki ni za kila mtu, Anti," alisema haraka. "Zina maelfu ya miaka. Wewe mwenyewe ulizitoa kitabuni."

"Zeu ni wa kila mtu. Zeu wa mazoezi ni wangu! Bundi wa umbea ni wangu! Ulivitoa wapi, kwenye maktaba?"

"Nimekutaja kwenye shukrani."

"Nimeiona. 'Namshukuru msusi wangu kwa uvumilivu.' Uvumilivu, Madam! Wewe ungevumilia?" Alimvuta nywele kidogo zaidi ya inavyohitajika. "Haya, tuache wizi. Wizi nimeuzoea, hata vitana vyangu watu wanaviiba. Kwa nini ulimuua?"

"Nani?"

"Medusa! Kwa nini ulimuua Medusa?"

Madam akamtazama kupitia kioo, na safari hii hakuwa anajitetea. Alishangaa kweli. "Si ndivyo ulivyokuwa unamalizia wewe? Kila mwezi unasema 'Perseo akainua upanga,' halafu unanigonga bega, 'haya, simama, jitazame.' Miaka minne, Anti. Nilidhani ndio mwisho. Nilidhani unautaka hivyo, wa ghafla. Nikaandika tu kwamba upanga ulishuka."

Mkono wa Anti Kitana ulibaki hewani. Kumbe! Kwa mteja wa twende kilioni hadithi yote ilikuwa inaishia pale, upanga juu, msichana usingizini, miaka minne mfululizo. Mtu hawezi kuiba mwisho ambao hakuwahi kuukalia. Lakini hasira hazitaki kupewa sababu, na zilimrudia kwa nguvu zaidi.

"Na lile funzo? Nalo ulilisikia kwangu?"

"Kitabu cha shule bila funzo hakipiti, Anti. Wakaguzi wanataka funzo."

"'Aepuke mahali pasipo na watu.' Alikuwa hekaluni, Madam! Hekaluni! Nyumba ya mungu, mchana kweupe, kwa mwanamke mwenzake! Ajitunze aende wapi tena? Aingie kwenye chupa? Wasichana mia ngapi watasoma hilo leo na kurudi nyumbani wanajiuliza walikosea wapi? Utaliondoa. Utasimama leo mbele ya wazazi wote, utasema mwisho ule ni wa uongo, na utausema wa kweli. Sasa nyamaza nikusukie."

Akamsimulia. Rasta kwa rasta, akamsimulia yote, lakini haikuwa kama siku zote, hapakuwa na mtu wa kucheka. Alikuwa anaisema kama anamkemea mtu. Nyoka mdogo wa pembeni akaamka. Perseo jiwe. Poseidoni jiwe. Na saa sita mchana ilipogonga alikuwa amefika kwa Zeu na mkono wake hewani. Machozi yalikuwa yanamtoka Madam, ya kuvutwa nywele au ya hadithi, hatujui.

"Na tangu siku hiyo," Anti Kitana akasema, "hakuna aliyemgusa tena. Huo ndio mwisho."

"Dada."

Sauti ilitoka kwenye beseni. Ilikuwa ndogo, na wote wawili waligeuka, Madam na nusu yake ya kichwa.

"Hapo napo si pazuri," mdogo wake alisema.

"Hapo wapi?"

"Unapomwacha. Kila Jumamosi unamwacha pangoni. Kakaa na watu wa mawe, hana wa kuongea naye. Wateja wanapiga makofi, wanajitazama kwenye kioo, wanaenda makwao. Yeye anabaki."

"Lakini ameshinda! Hakuna anayemgusa!"

"Ndiyo. Hakuna anayemgusa." Alikuwa anafuta mikono ingawa ilikuwa mikavu. "Madam hakukuuliza, ukakosa usingizi siku tatu. Sawa, una haki. Na wewe, dada, uliniuliza lini?"

Anti Kitana alifungua mdomo. Mwanamke yule hajawahi kukosa jibu tangu azaliwe, ana majibu ya akiba. Alilotoa ni hili: "Mimi nimekutetea miaka tisa!"

"Umemtetea Medusa."

Mkuki kwa nguruwe, jamani. Ulimwingia mpaka kwenye mfupa. Alihesabu Jumamosi zote zile. Wasichana wangapi walikuwa wamekaa kiti hiki na kucheka, hatua tatu kutoka kwenye beseni, na yeye akimtazama mdogo wake kwa jicho la pembeni akingoja apone? Alikuwa amechukua jambo la ndani kabisa la mtoto wa mama yake, akalitia vichekesho, akalisimulia mji mzima, na hata siku moja hakusema naomba.

"Basi ulitaka aishie wapi?" aliuliza, na bado aliuliza kwa ukali, maana hakujua kuuliza kwa namna nyingine.

"Arudi darasani. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na miezi miwili." Kisha akamgeukia Madam, akaunganisha mikono nyuma kama mwanafunzi aliyesimamishwa. "Samahani, Madam. Mtu aliyeacha shule zamani anaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne?"

Madam alimtazama yeye, kisha Anti Kitana, kisha kile kitabu kilichokunjwa ukurasa wa mwisho, na rangi ya uso wake ikabadilika. Alikuwa mwalimu miaka mingi. Aliyaunganisha mwenyewe.

"Anaruhusiwa," alisema. "Fomu ziko ofisini kwangu. Mwisho ni mwisho wa mwezi."

"Leo ofisi iko wazi?"

"Leo iko wazi."

"Basi nitafuatana na wewe."

"Shule!" Anti Kitana alipaza sauti. "Na vichwa ataosha nani?"

Lilimtoka kabla hajalishika. Alilisikia likigonga kioo na kurudi. Alitamani ardhi ipasuke pale pale kati ya kiti na beseni. Miaka tisa amemlaani mama mwenye miwani ya mnyororo kwa kumtoa mtoto darasani kwa barua moja, na leo neno la kwanza mdomoni mwake ni vichwa vya watu.

Mdogo wake hakukasirika. Alicheka, kicheko kifupi, cha zamani, ambacho Anti Kitana alikuwa amekisahau.

"Utaosha wewe, dada."

Walimalizia pamoja, mmoja kila upande, kwa sababu mdogo mtu alijua kusuka muda wote na hakuna aliyewahi kumwambia ashike rasta. Saa nane kasoro dakika kumi ncha zilichovywa. Madam akasimama, akajitazama, akamuuliza yule binti, si dada mtu, aseme nini mbele ya wazazi.

"Ukurasa wa mwisho usiusome."

"Sitausoma. Na vitabu vikichapwa tena hautakuwemo." Akamgeukia Anti Kitana. "Na jina lako nitalitaja leo, kwa kipaza sauti."

Siku tatu nzima Anti Kitana alikuwa ameyataka maneno hayo kuliko chakula. Akaitikia kwa kichwa, haya, asante, na macho yake yalikuwa kwa mdogo wake anayevua aproni. Aliitundika msumarini, akajipaka mafuta mikononi, akaomba kalamu. Wakatoka mchana ule na jua lake, mwanamke wa rasta mpya na yule wa kalamu, wakakata kona.

Dakika tano hazijapita Miwani akaingia anahema, anataka kuoshwa upesi vumbi la kupanga viti shuleni, asikose uzinduzi. Akajilaza kwenye beseni mwenyewe. Anti Kitana akainama, kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa, akafungua bomba, akasahau kupima.

"Uuwii, Anti, unaniunguza! Yuko wapi yule dada?"

"Amekwenda shule," Anti Kitana alijibu, akayapima maji upya, kwa kifundo cha mkono.